Kashebere: Barabara ikifungwa, sahani inabaki na bugali peke yake

Mwenye kupita barabara ya Sake, Masisi, Nyabiondo hadi Walikale anajua kwamba Kashebere si kijiji kama kingine. Ni mahali ambapo milima inamalizika na msitu unaanza. Upande mmoja kuna Masisi na maharagi yake, viazi, mahindi, ng'ombe, maziwa na ile jibini ambayo watu wa Goma wanaita fromaji ya Masisi. Upande wa pili kuna Walikale na mihogo yake, ndizi, mchele, karanga, mafuta ya ngazi na samaki wa mito. Mama wa Kashebere hakuhitaji masomo ya chuo kikuu ili apike chakula kamili. Barabara ilikuwa inamletea. Kutoka juu alipata maharagi, kutoka chini alipata mafuta na unga, na jioni watoto walikula vyote pamoja.

Kwa sababu hiyo tunasema wazi leo: tukizungumza juu ya lishe bora katika Masisi na Walikale, tusianze na kuwafundisha akina mama kana kwamba hawajui kupika. Tuanze na barabara. Usawa wa chakula katika sahani ya mtoto wa Kashebere ni usawa kati ya wilaya mbili. Barabara ikifungwa na bariyeri zikiongezeka, chakula hakipunguki kwa namna moja. Maharagi, maziwa na samaki ndivyo vinatoka kwanza, mafuta yanafuata, na mwishoni mihogo inabaki peke yake. Tumbo linajaa, lakini mwili unaendelea kuwa na njaa.

Vikundi vitatu ambavyo kila mama amevisikia

Katika vituo vya afya vyetu, siku ya kupima watoto, waganga wanafundisha kwamba kuna vyakula vya kuleta nguvu, vyakula vya kujenga mwili na vyakula vya kulinda mwili. Ni fundisho zuri. Lakini mara nyingi linasemwa haraka, na watu wanarudi nyumbani bila kujua kiasi gani cha kila kimoja. Tuliangalie polepole.

Wanga ndio chakula cha nguvu cha kila siku: mihogo, ndizi, viazi, mchele, mahindi. Protini ndiyo inayojenga nyama ya mwili, damu na kinga dhidi ya magonjwa: maharagi, karanga, soja, mayai, maziwa, samaki, nyama. Mafuta nayo ni akiba ya nguvu. Gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9, huku gramu moja ya wanga au ya protini inatoa 4 tu. Tena mafuta yanasaidia mwili kupokea vitamini A, ambayo mafuta ya ngazi mekundu yanayo kwa wingi yenyewe.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani OMS na wale wa FAO walitoa kipimo mwaka 2003: katika nguvu yote ambayo mtu anapata kwa siku, asilimia 55 hadi 75 itoke kwenye wanga, asilimia 15 hadi 30 kwenye mafuta, na asilimia 10 hadi 15 kwenye protini. Mashirika ya misaada nayo yana kipimo chao kwa watu wenye kukimbia vita: kilokalori 2,100 kwa kila mtu kwa siku, na ndani yake protini zisipungue asilimia 10 na mafuta yasipungue asilimia 17. Ndiyo maana katika mgao wa chakula watu hawapewi unga peke yake. Wanapewa unga, maharagi au mbaazi, mafuta na chumvi.

Msomaji aone vizuri: hakuna aliyesema wanga ni mbaya. Bugali ina haki ya kuchukua sehemu kubwa ya sahani. Kosa linakuja pale inapochukua sahani nzima.

Hesabu ya bugali bila kitoweo

Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji protini karibu gramu 50 kwa siku. Gramu 100 za unga wa mihogo zinabeba protini gramu moja au mbili tu. Ikiwa mtu anakula nusu kilo ya unga wa mihogo kwa siku, na hilo ni bugali la mtu mwenye kulima, anapata karibu kilokalori 1,700. Hiyo ni karibu nne kwa tano ya nguvu anayohitaji. Lakini protini zake hazifiki hata moja kwa tano. Ili apate protini zote katika bugali peke yake, angelazimika kula unga wa kilo 2 na nusu, pengine hata zaidi ya 3, kila siku. Hakuna tumbo la namna hiyo.

Sasa ongeza kitoweo. Gramu 100 za maharagi makavu zinatoa protini zaidi ya gramu 20. Gramu 100 za karanga zinatoa protini karibu 25, na karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Samaki mkavu kidogo, ndagala au sambaza, unazidi hapo. Kwa hiyo ngao ya familia haiko katika kula nyama kila siku. Iko katika maharagi kadhaa, mkono wa karanga na vijiko viwili vitatu vya mafuta ya ngazi pembeni ya bugali. Hivi vyote vinatoka Masisi na Walikale. Hakuna hata kimoja ambacho lazima kivuke bahari.

Kwa mtoto, jambo ni zito zaidi. Tumbo lake ni dogo. Akipewa bugali na maji ya sombe, anashiba kabla ya kupata anachohitaji. Analala ameshiba, mama naye anashukuru, lakini mwili wake haukupewa cha kujengea. Mwaka 2013 na 2014, uchunguzi wa kitaifa juu ya afya ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kongo wenye umri chini ya miaka 5, watoto 43 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika Kivu zetu mbili hali ilikuwa mbaya kuliko wastani wa nchi: zaidi ya nusu ya watoto. Ni aibu kwa sisi sote kwamba majimbo ambayo Goma, Bukavu, hata Kisangani na Kinshasa zinayategemea kwa maharagi na fromaji, ndiyo majimbo ambamo watoto hawarefuki.

Jina la ugonjwa tunalijua

Watu wa Kivu hawakungoja vitabu ili kujua ubaya wa kukosa protini. Mtoto mwenye kuvimba miguu na uso, nywele zikigeuka rangi na kuwa nyepesi, asiyetaka kucheza wala kula, tunasema ana bwaki. Bukavu, watu waliunda hata kamati yenye jina hilo, Comité Anti-Bwaki, kupigana nao. Katika Kabare, kituo cha utafiti cha Lwiro, ambacho kilitokana na taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, kilichunguza na kutunza watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi.

Waganga wa dunia wanauita kwashiorkor. Jina hilo nalo ni la Kiafrika. Daktari Cicely Williams alilipata kwa akina mama wa Ghana, wasemaji wa lugha ya Kiga, na akaliandika katika miaka ya 1930. Kwao lilikuwa jina la ugonjwa unaomkamata mtoto aliyetolewa kwenye ziwa la mama kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Maana yake inaeleweka hata Kashebere. Mtoto alikuwa anapata maziwa ya mama, ambayo ndani yake kuna protini, mafuta na sukari kwa kipimo kinachofaa. Ghafla maziwa yanakwisha, na mahali pake kunakuja uji wa mihogo mtupu. Waganga bado wanajadiliana juu ya sababu zote za ugonjwa huu. Lakini kwamba unapatikana sana mahali watoto wanapolishwa wanga karibu peke yake, hilo limeonekana tena na tena.

Kuna hatari ya pili, ambayo haisemwi sana. Mihogo michungu ina sumu inayotoka kwa kuiloweka siku kadhaa na kuianika. Wakati wa vita watu hawana siku hizo. Wanang'oa usiku, wanaloweka siku moja, wanasaga na kukimbia. Mwili unaweza kujisafisha na sumu iliyobaki, lakini kwa kazi hiyo unahitaji chembe zenye salfa zinazotoka katika protini. Mtu anayekula mihogo isiyotengenezwa vizuri, tena bila maharagi wala samaki, majuma mengi mfululizo, anaweza kupata konzo: miguu inakauka kwa ghafla na hairudi kama zamani. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza Kwango, katika nchi yetu hii, mwaka 1938, na jina lake katika lugha ya Kiyaka linamaanisha miguu iliyofungwa. Haufai kusubiriwa mahali popote ambapo watu wameachwa na mihogo peke yake.

Nani amebadilisha sahani?

Wengine watasema: watu wa Kashebere wanatafuta kwanza usalama na kujaza tumbo, na ninyi mnaleta maneno ya protini! Tunawaelewa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, hesabu ya IPC ilionyesha Wakongomani milioni 28 wenye shida kubwa ya chakula. Katika mwezi wa Januari mwaka huo, Masisi-centre ilichukuliwa na M23, kisha Goma. Mwezi wa Machi vita vilifika Walikale-centre. Kila mara mapigano yanaposogea kati ya Nyabiondo na Walikale, vijiji vya barabara hiyo vinahama. Mtu anayelala msituni hachagui chakula.

Lakini ndiyo sababu tunaandika. Mwenye kukimbia anaacha kwanza vyakula vya protini. Kuku hakamatwi usiku. Mbuzi na ng'ombe wanaibwa au wanauzwa kwa bei ya kutupa. Maharagi yanataka mtu awe nyumbani wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Mvua ikipita bila kupanda, msimu umekwisha. Muhogo ndio unaovumilia: unangoja ardhini mwaka mzima, hata mwenyewe akiwa mbali. Vita vinachagua chakula kwa niaba yetu, na vinachagua wanga.

Halafu kuna bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, vingine vya watu wa serikali, vingine vya vikundi vyenye silaha. Kila kizuizi kinakula kitu. Mama anayebeba maharagi kutoka juu anaacha kikopo hapa, noti pale, anaonyesha jetoni kule. Anayepandisha bidoni ya mafuta ya ngazi anapoteza vilevile. Mwishowe mchuuzi anapandisha bei, au anaacha biashara hiyo kabisa. Vyakula hivyo vina thamani, kwa hiyo ndivyo vinavyotozwa. Kila kikopo cha maharagi kilichobaki kwenye bariyeri kimetoka katika sahani ya mtoto. Hatujali bendera gani imewekwa juu ya kizuizi hicho. Mtoto mwenye bwaki hajui bendera.

Tusijifiche nyuma ya vita peke yake. Hata katika miaka ya utulivu, familia nyingi zilikuwa zinauza mayai, kuku, maziwa na maharagi yote ili zilipe shule, kisha zinanunua unga. Hesabu ya pesa inaeleweka. Hesabu ya mwili inaumiza. Kuna pia nyumba ambamo kipande cha samaki kinaenda kwa baba, na watoto wanapewa mchuzi. Baba ni mtu mzima, hakui tena. Mtoto wa miaka miwili ndiye anayejengwa sasa, na mama mwenye mimba anajenga wawili.

Tunaomba nini

Kwa wenye silaha na kwa viongozi wa pande zote tunaomba jambo moja linalowezekana hata kabla ya amani: chakula kisitozwe. Gunia la maharagi, bidoni ya mafuta, kikapu cha samaki na mtungi wa maziwa vipite kati ya Masisi na Walikale bila jetoni. Siku ambazo watu wanapeleka bidhaa zao sokoni ziheshimiwe. Hili halihitaji mkutano wa Doha wala wa Washington. Linahitaji amri ya mkubwa wa mahali, na wasimamizi wa kuiangalia.

Kwa mashirika ya misaada: kugawa pesa ni vizuri pale soko linapofanya kazi. Lakini pesa mkononi mahali pasipo na maharagi inanunua mihogo. Waangalie sokoni kwanza kuna nini. Na wanapoweza, wanunue maharagi ya Masisi na karanga za Walikale kabla ya kuleta vya mbali. Wasisahau mbegu za maharagi kwa wahami na kwa familia zinazowapokea, na zifike kabla ya mvua.

Tuangalie mfano mmoja. Mtoto aliyekonda sana anapelekwa kituo cha afya na kupewa Plumpy'Nut. Pakiti moja ina gramu 92 na kilokalori 500. Ilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1990. Ndani yake kuna nini? Karanga zilizosagwa, unga wa maziwa, mafuta na sukari, pamoja na vitamini na madini. Ni dawa nzuri, imeokoa watoto wengi, na mtoto aliyepewa asinyang'anywe wala isiuzwe. Lakini karanga, maziwa na mafuta ni vitu vya barabara hii hii. Tunasubiri mtoto augue ili tumrudishie kutoka mbali, katika karatasi ya kung'aa, vitu ambavyo bariyeri ilimkataza alipokuwa mzima.

Kwa familia, tunasema kwa heshima, tukijua kwamba si wote wanaweza:

Mama asitoke shambani na maharagi yote kwenda sokoni. Abakize ya watoto kabla ya kuhesabu ya kuuza. Sombe itwangwe vizuri na ipikwe muda mrefu, kisha iungwe na karanga na mafuta ya ngazi: majani hayo yana protini yake, na yakikutana na karanga yanakuwa kitoweo kamili. Mafuta ya ngazi yasichomwe hadi yageuke meupe, kwa maana ile rangi nyekundu ndiyo yenye vitamini. Mtoto aliyepita miezi sita asipewe uji wa mihogo mtupu. Apewe uji wa masoso, wa mahindi, soja na mtama, au uji wowote wenye karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta, huku akiendelea kunyonya. Mihogo michungu ilowekwe siku zake zote kila mara inapowezekana. Na baba akubali kwamba kipande cha kwanza cha samaki ni cha mtoto.

Kwa makanisa, shule na redio zetu za vijijini: mafundisho haya yasemwe kwa lugha ya nyumbani na kwa vyakula vilivyopo. Kumwambia mtu wa Kashebere ale vyakula asivyoviona ni kumchoka bure. Kumwambia kwamba maharagi ya jirani yake wa juu na mafuta ya jirani yake wa chini yanakamilishana, hilo analijua tayari. Anahitaji tu kusikia kwamba alikuwa na haki.

Masisi na Walikale zimegawanywa na vita, na maneno mengi ya chuki yamesemwa kati ya watu wake. Lakini katika chungu cha kila mama hazijawahi kutengana. Mwenye maharagi anahitaji mafuta, mwenye mafuta anahitaji maharagi. Mtoto wa Kashebere, aliyezaliwa kati yao, anahitaji vyote viwili, na anavihitaji mwaka huu. Urefu ambao mtoto anapoteza katika miaka yake miwili ya kwanza ni vigumu sana kuurudisha, hata kama kesho amani itasainiwa. Barabara ifunguliwe kwa chakula kwanza. Mengine tutayazungumza tukiwa tumekula.